Laptopu yako ina programu ya PLC iliyokrakiwa? Hivi ndivyo utatoka hapo bila kuumiza mtu

Hii naandikia mafundi wa umeme na otomesheni wa viwanda, wale wa Lunga Lunga, Enterprise Road, Baba Dogo, Ruaraka, mpaka kule Athi River, na haswa vijana wametoka chuo juzi wakapewa laptopu na mkubwa wao ikiwa imejazwa kila programu ya kupangia PLC, yaani kale kakompyuta kanaendesha mashine za kiwanda: Siemens iko, Rockwell iko, Mitsubishi iko, na zote zinafunguka bila kuuliza leseni. Hio laptopu naijua, nimetembea nayo miaka mingi. Sijaja kuhukumu mtu. Nimekuja kuonyesha venye unatoka hapo, juu inawezekana, na si lazima kiwanda kisimame.

Acha nianze na siku yenye ilinifungua macho.

Kuna kiwanda hapo Indaa (Industrial Area, Nairobi), jina nitaliacha, wana miksa kubwa ya unga. Niliitwa usiku kubadilisha taima moja tu. Nikachomeka flashi yangu kwa ile kompyuta ya skrini yenye opareta anatumia, nikachukua projekti, nikabadilisha, nikarudisha, dakika ishirini hivi, nikaenda nyumbani. Asubuhi napigiwa simu ati skrini imekuwa nzito. Nikarudi nikijua ni kompyuta imezeeka. Nimesimama pale na opareta, mama mmoja amekaa na hio miksa kuliko mtu yeyote hapo ndani, unga ukashika upande mmoja wa bakuli, akabonyeza STOP kwa skrini. Miksa ikaendelea kuzunguka. Akabonyeza tena, wapi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umeinua kifuniko, na swichi ya kifuniko mtu alikuwa ameiruka kwa waya kitambo juu ilikuwa inasumbua, kwa hivyo hakukuwa na kitu cha kuzuia. Akageuka akapiga kile kitufe chekundu cha emajensi na kiganja, mota ikakatika. Halafu, kama nusu dakika baadaye, skrini ndio ikaandika kwamba imepokea STOP.

Virusi vilitoka kwa flashi yangu. Flashi ilivitoa kwa laptopu yangu. Na laptopu ilivipata kwa kaprogramu ka kuondoa paswadi ya PLC nilikanunua kwa mtu wa Telegram, nikamtumia elfu moja mia tano kwa M-Pesa. Mkono wa yule mama ulikuwa karibu na mapanga ya miksa kwa sababu ya elfu moja mia tano yangu. Tangu siku hio sijaweza kulichukua jambo hili kama mchezo.

Sasa, kabla ya hatua zenyewe, lazima uelewe kraki inafanya nini, juu watu wengi hudhani ni namba tu unaweka na programu inafunguka. Hapana. Mara nyingi kraki inatoa faili ya mwenye programu na kuweka ingine mahali pake, ama inaingia ndani ya faili na kubadilisha pale panapouliza leseni. Ndio maana maelezo yake karibu kila mara huanza na zima antivairasi, endelea na fungua kama administreta, na huishia na zuia programu isiongee na intaneti. Hebu soma hayo maagizo matatu kama vile ungeambiwa na mtu mgeni mlangoni kwako: funga mbwa, nipe funguo zote, na usipigie mwenye nyumba simu.

Na hizi faili si za picha ama muziki. Ziko katikati ya macho yako na mashine. Mwaka 2010 ndio ile Stuxnet iligunduliwa, ile ilipiga mitambo ya urani ya Natanz kule Iran. Ilifanya nini? Ilichukua faili moja ya Step 7, programu ya Siemens ya kuandikia PLC, inaitwa s7otbxdx.dll, hio ndio hubeba mazungumzo kati ya laptopu na PLC, ikaibadilisha jina na kuweka ya kwake hapo. Kutoka hapo, fundi akifungua PLC kuangalia bloki, vile vipande vya programu, anaonyeshwa safi, zile chafu zimefichwa. Huku chini draivu za mota, zile za kudhibiti kasi, zinapelekwa mpaka 1410 Hz, halafu zinashushwa hadi 2 Hz, halafu zinarudishwa 1064 Hz kama hakuna kitu. Simaanishi kila kraki ni Stuxnet. Nasema mlango ni ule ule mmoja, kubadilisha faili yenye fundi anaamini, na we umeufungua mwenyewe na hujui nani ako ndani. Yule wa Telegram pengine naye hajui, yeye alipewa tu na mwingine.

Zile za kuondoa paswadi ndizo mbaya zaidi kwa maoni yangu, juu unazitumia ukiwa na haraka, mteja amesimama kwa mgongo wako, aliyeandika programu ya mashine alishahama na hashiki simu. Mwaka 2022 kampuni ya usalama inaitwa Dragos ilichunguza moja ya hizo, ilikuwa inauzwa mtandaoni kwa PLC za DirectLogic 06 za AutomationDirect. Paswadi ilikuwa inatoa kweli, kwa kutumia udhaifu wa PLC yenyewe, lakini wakati huo huo inakuwekea Sality, virusi vya zamani vinavyoruka kwa flashi na kwa netiwaki na kuua antivairasi. Hivyo vyao vilikuwa pia vinachungulia kile umekopi, ukikopi anwani ya kutuma sarafu za kidijitali inabadilishwa iwe ya mwizi. Matangazo ya aina hio yalikuwa ya chapa nyingi tu, Omron, Siemens, Mitsubishi, na zingine. Niliposoma hio ripoti nikakumbuka miksa, nikanyamaza muda mrefu.

Haya, tuingie kazini.

Anza na mashine, laptopu utaigusa baadaye. Watu hukimbilia kufomati laptopu, wanasahau kwamba mtu ako kwa konveya sai hivi. Enda kwa kila mashine yenye umewahi kugusa na hio laptopu, fungua paneli, fuata waya wa emajensi kwa kidole kutoka kwa kitufe mpaka mwisho. Kinafaa kuingia kwa rilei ya usalama na hio rilei ndio ikate kontakta, zile swichi kubwa zinazopelekea mota umeme, bila kuomba ruhusa kwa programu ya kawaida. Ukipata emajensi imeingia tu kwa inputi ya PLC ya kawaida halafu programu ndio iamue kuzima, basi hapo hakuna emajensi, kuna ombi. Hio andika, mwambie meneja siku hio hio, na kama mashine inaweza kukata mkono, isimame mpaka irekebishwe. Rudisha swichi za vifuniko na milango zenye zimerukwa. STOP ya skrini si kifaa cha usalama hata siku moja, waambie maopareta hivyo kwa mdomo wako, usiwabandikie karatasi tu ukaenda.

Kama kuna PLC ya usalama, zile za F za Siemens kwa mfano, programu yake ya usalama ina sahihi yake, namba inayobadilika mtu akigusa kitu chochote humo ndani. Tafuta karatasi za siku mashine ilikabidhiwa, linganisha hio namba na ile iko kwa PLC leo. Zikitofautiana na hakuna mtu anaeza kukueleza kwa nini, ita mtu mwenye ujuzi wa usalama wa mashine, usijaribu kurekebisha peke yako usiku. Na kama PLC ina ufunguo wa RUN (kuendesha) na PROGRAM (kuruhusu kuandikwa), rudisha RUN, toa ufunguo, upelekwe ofisini. Mwaka 2017 kule Saudi Arabia kiwanda cha petrokemikali kiliingiliwa mpaka kwa vidhibiti vyake vya usalama vya Triconex, ile programu ya kihalifu wakaiita Triton, na iliweza kuandikwa humo juu ufunguo ulikuwa umeachwa kwa PROGRAM. Ufunguo tu.

Ukimaliza hapo, hio laptopu isichomekwe tena kwa mashine yoyote. Zima waifai, toa kwa netiwaki ya kiwanda, bandika tepu juu uandike ISITUMIKE. Usiifute bado! Hii kosa nilifanya mimi, nilifomati kwa hasira na nikapoteza projekti za wateja watatu, mmoja wao hatukuwahi kupata maelezo ya bloki zake tena.

Hapo ndipo kazi kubwa iko, kuokoa programu za mashine. Ukweli uko ndani ya PLC, yaani kile inaendesha saa hii, hauko kwa folda ya laptopu chafu. Kwa hivyo azima ama nunua laptopu safi yenye programu halali, hata kama ni ya majaribio, TIA Portal, programu ya Siemens ya kuandikia PLC zao, wanakupa siku 21 za bure na hizo zinatosha kuzunguka kiwanda cha kawaida kama umejipanga. Kabla hujagusa kitu, piga picha kila ukurasa wa skrini wenye namba, joto, kasi, muda wa taima, uzito, zote, juu ukija kupakia programu na data bloki, pale namba huhifadhiwa, zianzishwe upya, zile namba zinarudi kwa za mwanzo, na nimeona tanuri la biskuti likiwashwa na joto la siku ya kwanza ya majaribio. Halafu vuta programu kutoka kwa PLC kuja kwa laptopu safi. PLC za Siemens za S7-1200 na 1500 zinakupa karibu kila kitu pamoja na majina na maelezo, S7-300 inakupa mantiki tupu bila majina, utakaa na michoro ya umeme ukiandika upya nini ni nini, chungu lakini inafanyika. Skrini nyingi hazikurudishii projekti, zinakupa bakapu tu ya kurudisha vile ilivyokuwa, chukua hata hio.

Zile faili za zamani kwa laptopu chafu, michoro, projekti, PDF, zichukue ukitumia flashi moja mpya ya kazi hio peke yake, zipitishe kwa kompyuta yenye antivairasi iliyoapdetiwa na haijaunganishwa na kiwanda, na usikopi kitu chochote cha .exe, hata kama unakipenda. Fungua projekti ya zamani kwa laptopu safi, linganisha na ile umevuta kwa PLC, bloki kwa bloki. Tofauti nyingi zitakuwa za kawaida, fundi fulani alibadilisha taima usiku na hakuhifadhi. Ila ukipata bloki kwa PLC yenye hakuna mtu anaijua, simama hapo, piga picha, weka nakala, uliza kila mtu, kabla ya kufuta.

Na kuna mtego mmoja hapa. Laptopu za kraki huwa na vesheni mpya kuliko ile mteja amenunua. Ukifungua projekti yake ya V15 kwa V17 yako na ukubali ipandishwe, haishuki tena, mteja na leseni yake halali hawezi kuifungua tena. Nimeona kiwanda kimefungiwa nje ya mashine zake namna hio na fundi hata hakujua amefanya nini. Fanya kazi na vesheni ya mteja.

Ukishaweka nakala zote mahali pawili, sasa ndio ufute ile laptopu. Futa kabisa, diski nzima, usiache ile sehemu ya pili yenye umeweka mafaili, juu hapo ndipo yule adui hulala. Weka Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, iache ijiapdeti. Mwaka 2017 kiraka cha kuzuia WannaCry, virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa, kilitoka Machi na shambulio likaja Mei, kwa hivyo wengi wa wale waliumia walikuwa na miezi miwili ya kujikinga, na laptopu yenye kraki mara nyingi imezimiwa apdeti kwa makusudi ili kraki isife.

Programu ya PLC daunlodi kwa tovuti ya mwenye chapa. Ukipata faili, bonyeza kulia, ingia Properties, tafuta Digital Signatures, uone jina la kampuni na kwamba sahihi iko sawa. Faili yenye imeguswa na kraki hapo itakosa sahihi ama itaonyesha haifai. Kama tovuti imeweka namba ya SHA-256, ile namba inayobadilika faili ikiguswa, fungua dirisha jeusi la Command Prompt uandike certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, ulinganishe. Nataja zote mbili juu mwaka 2014, wakati wa ile kampeni ya virusi vya Havex, kuna tovuti halali za wauzaji wa vifaa vya viwandani ziliingiliwa na installer zao, zile faili za kuweka programu, zikawekwa virusi, kwa hivyo hata kwa mlango wa mbele unaangalia miguu ya anayeingia.

Pesa sasa, juu najua hapo ndipo kila mtu anasema wewe unaongea tu. Kwanza, nyingi zenye watu wanakraki hata hazihitaji kukrakiwa. Delta ISPSoft ni ya bure. Schneider Machine Expert Basic ya PLC za M221 ni ya bure, unajisajili tu. Rockwell wana Connected Components Workbench ya Micro800, ile ya kawaida ni ya bure. CODESYS ya kuandikia ni ya bure, na kama unajifunza kuna OpenPLC, hio haina hata swali. Nimekutana na kijana Kariobangi amelipa mtu amwekee kraki ya programu ya bure, roho iliniuma. Kwa Siemens, kama kiwanda chako kina S7-1200 peke yake, hauhitaji STEP 7 Professional, ile Basic ni nafuu sana na inafanya kazi hio.

Ya pili, si lazima leseni ilipwe na fundi. Mashine ni ya kiwanda, na leseni ya kuitunza ni gharama ya kiwanda, kama girisi na beringi. Usiende kwa bosi na maneno ya virusi na wahalifu wa mtandao, atakuona umeangalia filamu nyingi. Enda na kwotesheni ya wakala rasmi mkononi, na karatasi moja: laini ikisimama saa moja tunapoteza katoni ngapi, mara bei ya katoni. Hio hesabu mtu wa stoo atakupa kwa dakika tano. Halafu mwambie kwamba chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007 jukumu la mfanyakazi asiumie liko kwa mwenye kiwanda, na siku afisa wa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, anakuja kuuliza mashine ilisimamiwa na programu gani, nani atajibu. Programu iliyokrakiwa pia ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hilo mweleze tu kwa upole. Kwangu LPO, ile oda ya kununua, ilitoka wiki ya tatu.

Wewe unayefanya kazi kwa wateja mbalimbali, leseni yako iweke kwa kwotesheni kama mstari wake, mteja aione. Wengine watakataa na kuchukua yule wa bei ya chini. Hio inauma, najua, kodi haingoji. Lakini nimeona pia wateja wakirudi, juu hakuna mtu anataka kuita fundi mwenye aliacha skrini ikifa.

Paswadi ya PLC imepotea? Tafuta aliyeunda mashine, wengi hujibu barua pepe ukituma namba ya mashine na picha ya bamba lake. Ikishindikana, jipange kuandika programu upya na kuifuta PLC, kazi ya siku kadhaa, na hio ndio gharama halisi ya kununua mashine bila kudai paswadi na projekti. Mwambie mteja hivyo bila kumfichia. Siku ingine akinunua mashine, projekti na paswadi ziwe kwa mkataba kabla malipo ya mwisho hayajatoka.

AnyDesk na TeamViewer, zile programu za kuingia kompyuta ukiwa mbali, kwa kompyuta za skrini, ondoa. Kama lazima ziwepo, ziwashwe na mtu ako hapo kiwandani, zizimwe ukimaliza.

Na kama tayari umeona dalili, kompyuta nzito bila sababu, antivairasi imejizima, flashi inatengeneza shortikati zenye hukuweka, usizime PLC kwa woga. Hamisha mashine iendeshwe kwa mkono, ama isimamishwe kwa utaratibu wake wa kawaida opareta akiwa hapo, toa kebo ya netiwaki, ambia mkuu wa kiwanda, na mripoti kwa KE-CIRT, timu ya kitaifa ya mashambulio ya mtandao pale Mamlaka ya Mawasiliano, wao hupokea visa kama hivi. Usifiche kama venye nilifikiria kuficha ile asubuhi. Nilikaa kwa gari nusu saa kabla nirudi ndani niseme flashi ilikuwa yangu.

Ndani ya mlango wa kila paneli sai naweka karatasi kwa mfuko wa plastiki: tarehe, vesheni ya programu, vesheni ya femwea (programu ya ndani ya PLC yenyewe), sahihi ya usalama kama iko, nani amegusa mwisho, nakala iko wapi. Ya ile miksa imejaa pande mbili. Na kila nikimaliza kazi hapo, kabla nifunge begi, namwita yule mama, tunatoa unga, anawasha miksa tupu, anapiga emajensi mwenyewe na kiganja, na tunahesabu pamoja kwa sauti mpaka panga lisimame.